Muuza vitambaa aliyechungulia kinywa chake

Fizi zikitoa damu hapa Port Victoria, najua njia yako: kemisti, vidonge vinne vya antibiotiki, basi. Kabla hujalipa, hebu nikujulishe kwa mzee mmoja wa Uholanzi.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa Delft mwaka 1632. Chuo kikuu hakukanyaga; alikuwa muuza vitambaa tu. Lakini alijifunza kusugua vioo vidogo mpaka akaunda hadubini kali kuliko za wasomi wengi wa enzi zake. Mwaka 1683 alikwangua ukoga kwenye meno yake mwenyewe, akachungulia. Weh! Wadudu wadogo ajabu walikuwa wakiogelea humo. Akaiandikia Royal Society ya London. Hao ndio sisi tunawaita bakteria.

Sasa sikia hii. Alijaribu kuwaua kwa siki. Wa nje wakafa, wa ndani ya ukoga wakabaki wazima.

Alifariki 1723 akiwa na miaka 90, karne mbili kabla penisilini haijagunduliwa. Ila siki yake inatuhusu mpaka leo. Ukoga ni ngome, dawa haiupenyi vizuri. Vile vidonge vinne vinaua walio dhaifu na kuacha sugu wazaane. Siku ukiugua kitu kikubwa, dawa ile ile inaweza kugoma.

Kwa hivyo anza na daktari wa meno, ukoga ukwanguliwe. Akikuandikia antibiotiki, meza vile amesema, usipunguze. Mswaki kila siku? Hiyo ni kazi yako.