FLORENCE NIGHTINGALE: MAMA ALIYECHAGUA KUTOZAA

Katika kitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu mmekwisha kusoma habari za hisa, mikopo na mfuko wa maafa. Kamati ikaona tuweke pia maisha ya mwanamke mmoja wa zamani, tuyasome sisi na mabinti zetu. Tumemchagua Florence Nightingale, yule ambaye manesi humkumbuka kila tarehe 12 Mei kwa kuwasha taa na mishumaa. Kwa nini yeye? Tutasema mwishoni.

Florence alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza waliokuwa safarini, wakampa jina la mji. Walikuwa watu wenye mali: nyumba mbili kubwa za Lea Hurst na Embley, watumishi, na wageni wasiokwisha. Watoto walikuwa wawili tu, wote wa kike, Parthenope na Florence. Baba yao, mzee William, aliwafundisha mwenyewe lugha na historia kama ambavyo wengine walifundisha watoto wa kiume.

Lakini palikuwa na jambo ambalo akina mama wengi watalielewa upesi. Mali ile ilitoka kwa ndugu wa upande wa mama yake William, na wosia ulisema kama William hana mtoto wa kiume, basi akifa mali iende kwa dada yake. Wale mabinti wawili hawakuhesabiwa. Kwa hiyo mama yao, Bibi Fanny, aliona njia moja tu: waolewe vizuri, na mapema.

Florence alikuwa na mawazo mengine. Mwaka 1837, akiwa na miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita kwa kazi. Baadaye akaona kazi yenyewe ni kuuguza wagonjwa. Siku zile uuguzi ulikuwa kazi ya kudharauliwa, na wauguzi walisemwa kwa ulevi. Mwaka 1845 aliomba akajifunze katika hospitali ya Salisbury. Nyumbani kukawaka moto. Akanyimwa ruhusa.

Sasa akaja mchumba. Richard Monckton Milnes alikuwa mbunge na mshairi, tajiri, mpole, naye alimngoja Florence miaka mingi. Tusidhani kwamba Florence hakumpenda. Alimpenda. Lakini katika maandishi yake ya siri alipima: akiolewa naye, maisha yatakuwa ya kupokea wageni na kupanga nyumba, na ile kazi ataizika. Mwaka 1849 akamkataa. Mama yake alikasirika sana, na Florence mwenyewe aliumia moyo kwa muda mrefu. Milnes alioa mwanamke mwingine mwaka 1851. Florence hakuolewa wala hakuzaa mpaka kufa. Aliona wapo wanawake ambao Mungu amewatenga kwa maisha ya namna hiyo, kama vile wapo aliowaita kuwa wake na mama.

Mwaka 1851 alikaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, akijifunza kuuguza. Mwaka 1853 baba yake akakubali kumpa paundi 500 kila mwaka. Hapa sisi watu wa akiba tusimame kidogo. Alikuwa na miaka 33, na ndipo kwa mara ya kwanza aliweza kufanya kazi aitakayo bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwaka huo huo akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London.

Mwaka 1854 vikaja Vita vya Crimea. Serikali ikamtuma Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38. Walikuta majeruhi sakafuni, chawa, panya, na mifereji ya maji machafu imeziba chini ya jengo. Usiku alizunguka na taa kuwaangalia wagonjwa. Majira yale ya baridi walikufa huko askari zaidi ya 4,000, wengi kwa magonjwa kuliko risasi. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 42. Mwezi Machi wakaja wakaguzi wa serikali, wakasafisha mifereji, na ilipofika Juni vifo vilishuka hadi kama 2 katika 100.

Aliporudi nyumbani mwaka 1856 watu walimsifu, lakini yeye alikaa na zile hesabu. Zikamwonyesha kwamba uchafu wa hospitali aliyofanyia kazi mwenyewe ndio uliowaua wengi. Hakuzificha. Akachora michoro, akaisukuma serikali ibadili hospitali za jeshi. Askari wale aliwaita watoto wake, na alijiona mama mbaya aliyewaacha makaburini.

Wananchi walikuwa wamemchangia, masikini na matajiri, zikapatikana paundi zaidi ya 40,000. Hakuzila. Mwaka 1860 mfuko ule ukafungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Wanafunzi walipata malazi, chakula na posho kidogo. Mwaka 1868 wauguzi kutoka kwake walifika mpaka Australia.

Haikuwa raha tupu. Ugonjwa alioupata vitani ulimlaza kitandani miaka mingi. Baba alipofariki mwaka 1874, wosia ukafanya kazi yake, nyumba zikaenda kwa shangazi. Na nani alimtazama Bibi Fanny uzeeni, kipofu na msahaulifu, mpaka alipofariki mwaka 1880? Ni yule yule binti aliyekataa kuolewa, akisaidiana na ndugu. Florence alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90, akazikwa karibu na wazazi wake.

Sasa sababu yetu. Mwenzetu mmoja hana mtoto. Kama ni majaliwa au ni hiari yake, ni siri yake. Fomu yetu ya mkopo ilikuwa na mstari wa jina la mtoto mkubwa, na tulipoukuta mtupu tukamcheleweshea mkopo miezi miwili, eti akifa nani atalipa? Wengine tulinong'ona maneno ambayo leo tunaona haya kuyaandika. Hakugombana na mtu. Alileta hisa zake kila Jumamosi kama kawaida.

Fomu tumekwisha kuibadilisha. Sasa inauliza mrithi, awe nani. Hatusemi wanawake wasizae, wengi wetu ni mama na bibi, na tunamshukuru Mungu. Tunasema mwanachama apimwe kwa neno lake na mchango wake. Mwenzetu, ukisoma ukurasa huu, utuwie radhi.