Yusuf bin Hassan na jiwe la mlangoni Ngomeni

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mpwa wangu Ngomeni. Ana miaka 12, amezaliwa Mji wa Kale, na kila siku akienda chuoni hupita chini ya ukuta ule. Ndani alikuwa hajaingia hata mara moja. Simlaumu, maana na mimi nilikuwa mtu mzima nilipoingia mara ya kwanza. Sisi wenyeji tumezoea kuona kuwa makumbusho ya Fort Jesus ni ya watalii na watoto wa shule wanaoletwa kwa mabasi.

Kabla ya kuingia nilimuonyesha jiwe lililo juu ya lango, limeandikwa Kireno. Linamsifu Francisco de Seixas Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Jiwe linaeleza kuwa aliijenga upya ngome, akawatiisha wafalme wa pwani, akabomoa kuta za Pate na Siyu, na akaiadhibu Pemba. Mtoto akaniuliza: ngome hii ilijengwa upya kwani nani aliibomoa? Na watu wa Pate na Pemba walikosa nini?

Basi tukakaa kivulini, nikampa habari za Yusuf bin Hassan.

Yusuf alitoka katika ukoo wa wafalme wa Malindi. Ukoo huo ulikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipopita Malindi mwaka 1498. Wareno walipoishinda Mombasa na kuanza kujenga ngome mwaka 1593, waliwaleta wafalme hao wa Malindi watawale hapa. Lakini urafiki wa mwenye mizinga na asiye na mizinga haudumu. Hassan, babake Yusuf, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara. Huko aliuawa mwaka 1614 na watu waliolipwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno upande huu wa bahari.

Na mtoto wake naye akapelekwa Goa hiyo hiyo. Alikuwa na miaka kama saba. Alilelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza Kireno, akatumikia katika meli zao, akaoa huko huko. Mwaka 1626 Wareno walimtambua kuwa mfalme wa Mombasa, naye akarudi kwao akiwa Mkristo, mvaa mavazi ya kigeni, mbele ya watu Waislamu ambao walikuwa hawamjui.

Hapo mpwa wangu alinyamaza kidogo. Halafu akataka kujua kama Yusuf alikuwa akikumbuka lugha ya mamake. Sikuwa na jibu la swali hilo.

Mjini watu hawakumuamini, na ngomeni kapteni Pedro Leitão de Gamboa hakumheshimu. Yaelezwa kuwa alionekana akizuru kaburi la babake na kumuombea kwa dini aliyozaliwa nayo, na habari hizo zikafika kwa kapteni. Yusuf akaona akikawia atakamatwa na kurudishwa Goa. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mtu anayekwenda kutembea, akamuua kapteni, akaiteka ngome. Akarudia jina lake na dini yake.

Hapa ndipo nilipotaka kunyamaza, lakini niliona haya kumkata mtoto kipande cha habari. Waliouawa siku zile hawakuwa askari peke yao. Walikuwemo wanawake na watoto wa Kireno, na Waafrika waliokuwa wameingia Ukristo. Waliokimbilia nyumba ya watawa mjini hawakusalimika.

Mwanzoni mwa mwaka 1632 Goa ilituma merikebu nyingi kuikomboa ngome, zikashindwa. Bendera ya Yusuf ikabaki juu. Hata hivyo alijua watarudi. Mwezi wa Mei aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapanda meli aliyoiteka, akaondoka. Wareno walirudi Agosti bila kupigana na mtu. Yeye akawa haramia baharini miaka kadhaa, hadi alipokufa Jidda, Bahari ya Sham, mwaka 1638. Mombasa hakuiona tena.

Waliobaki ndio waliolipa. Hiyo ndiyo maana ya jiwe la Cabreira: kuta za Pate na Siyu, na adhabu ya Pemba, zilikuja baada ya mwenyewe kuondoka.

Mpwa wangu akaniuliza sasa, alikuwa mtu mzuri au mbaya? Nikamwambia habari nyingi tulizonazo ziliandikwa na maadui zake, kwa hivyo tuzisome kwa uangalifu. Lakini tusimfanye walii kwa sababu tu alikuwa wetu. Alikuwa yatima aliyefunzwa kumtumikia aliyemuua babake. Kisasi chake kilipita mipaka, na gharama yake ililipwa na wengine. Mambo hayo yote mawili ni kweli, na mtoto wa miaka 12 anaweza kuyabeba.

Wazee wenzangu, jela ile iliyofungwa mwaka 1958 ikageuzwa makumbusho haikufunguliwa kwa ajili ya wageni peke yao. Wapelekeni watoto. Msiwaachie vibao viseme kila kitu. Simameni nao chini ya lile jiwe la Cabreira, mwaambie na lile ambalo halikuandikwa.

Tulipotoka, mpwa wangu aligeuka akalitazama jiwe tena. Akataka kujua kaburi la Hassan, babake Yusuf, liko wapi.