Navier alikuwa nani, injinia ambaye jina lake liko katika kila somo la RDM?

Mwanafunzi yeyote wa ujenzi anayesoma RDM, yaani somo la nguvu za vifaa, anakutana na jina la Navier mapema. Profesa anaandika kanuni ubaoni, wanafunzi wanaiga katika daftari, mtihani unapita. Mara nyingi hakuna anayesema huyo mtu alikuwa nani. Alikuwa injinia Mfaransa aliyekufa mwaka wa 1836. Jina lake ni moja kati ya majina 72 ya wataalamu yaliyoandikwa juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris. Hata hivyo, daraja lake kubwa kuliko yote lilibomolewa kabla halijafunguliwa.

Claude-Louis Navier alizaliwa Dijon, mashariki mwa Ufaransa, tarehe 10 mwezi wa pili 1785. Baba yake alikuwa mwanasheria, na wakati wa mapinduzi ya Ufaransa aliingia bungeni. Alikufa mwaka wa 1793, mtoto akiwa na miaka 8. Mama alirudi kwao Chalon-sur-Saône, akamwacha kijana Paris mikononi mwa mjomba wake yeye mama, Emiland Gauthey. Mzee huyo hakuwa mtu mdogo: alikuwa kati ya mainjinia wakubwa wa madaraja na barabara nchini, na ndiye aliyechimba mfereji unaounganisha mito ya Saône na Loire. Kwa hiyo yatima huyu alikulia katika nyumba ambamo habari za mawe, mbao na maji zilikuwa mazungumzo ya kila siku.

Mwaka wa 1802 aliingia École Polytechnique akiwa karibu na mkia wa orodha. Mwisho wa mwaka wa kwanza alikuwa tayari kati ya 10 bora. Hapo alifundishwa hesabu na Joseph Fourier, ambaye baadaye akawa rafiki yake. Kisha akaenda shule ya madaraja na barabara, École des Ponts et Chaussées, akamaliza mwaka wa 1806. Gauthey alikufa mwaka huohuo. Alimwachia kijana maandiko mengi juu ya ujenzi wa madaraja, na Navier alitumia miaka mingi kuyapanga, kuyaongezea hesabu zake mwenyewe na kuyachapisha. Kazi hiyo ya kusafisha vitabu vya wazee ndiyo iliyomwonyesha kitu gani kilikosekana.

Ili kuelewa kilichokosekana, tuangalie boriti, ile ambayo mafundi wengi kwetu wanaiita putre. Imelala juu ya kuta mbili na inabeba mzigo. Inapopinda, upande wa chini unavutwa na upande wa juu unabanwa. Kati yao kuna mstari mmoja usiovutwa wala kubanwa. Swali ni hili: mstari huo uko wapi, na nyuzi za juu na za chini zinabeba kiasi gani?

Galileo alijaribu kujibu katika kitabu chake cha mwaka wa 1638. Alijua kwamba nguvu ya boriti inaongezeka sana kimo chake kikiongezeka, na hapo alisema kweli. Lakini alidhani nyuzi zote zinavutwa sawasawa. Kwa hesabu yake, boriti yenye umbo la mstatili inaonekana kuwa na nguvu mara 3 kuliko ile ambayo hesabu ya leo inaipa. Mwaka wa 1773 Mfaransa mwingine, Coulomb, alipeleka mbele ya Akademia ya Sayansi maelezo yaliyo sahihi, lakini maandishi yake yalikuwa mafupi na magumu, na mafundi wengi hawakuyashika. Katika viwanja vya kazi watu waliendelea kuvunja vipande vya mbao na chuma, kuandika uzito uliovivunja, kisha kugawanya kwa namba fulani ili wapate usalama.

Navier alianza kufundisha somo hilo katika shule yake ya zamani mwaka wa 1819. Mwanzoni yeye mwenyewe alikosea: katika masomo ya mwaka huo aliweka ule mstari wa katikati mahali pasipo pake. Alirekebisha katika kitabu cha masomo yake kilichotoka mwaka wa 1826. Hapo alionyesha kwamba, maadamu kifaa hakijapita kipimo chake cha kunyumbuka, mstari huo unapita katika kitovu cha uso wa boriti. Alichukua pia wazo lililoanzishwa na wengine kabla yake, kwamba uso wa boriti ulionyooka kabla ya kupinda unabaki umenyooka baada ya kupinda. Kutoka hapo hesabu inafunguka. Ubao wa sentimita 5 kwa 20 ukisimamishwa wima una nguvu mara 4 kuliko ukilazwa, na unapinda mara 16 kidogo zaidi. Seremala anajua hivyo kwa mkono wake; Navier alimpa sababu na namba.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi katika kitabu hicho ni lingine. Navier alitaka injinia ajue hali ya boriti ikiwa kazini, siku ya kawaida, watu wakiwa ndani ya nyumba. Kuvunjika kunakuja baadaye sana. Kabla ya hapo kuna kipimo ambacho boriti ikikipita hairudi tena katika umbo lake, na injinia anapaswa kubaki mbali na kipimo hicho. Pia alifundisha njia ya kuhesabu boriti iliyo juu ya nguzo 3 au zaidi, ambayo watu walishindwa nayo kwa sababu usawa wa nguvu peke yake hautoshi kujua kila nguzo inabeba nini. Navier aliongeza hesabu ya namna boriti inavyopinda, na jibu likapatikana.

Mwaka huohuo wa 1826 ukamletea aibu. Serikali ilikuwa imemtuma Uingereza mwaka wa 1821 na wa 1823 ili achunguze madaraja yanayoning'inia kwa minyororo. Ripoti yake ilisomwa na mainjinia kwa miaka mingi. Kisha alipewa kazi ya kujenga daraja la aina hiyo juu ya mto Seine mjini Paris, mbele ya jumba la Invalides, lenye urefu wa karibu mita 170 bila nguzo ndani ya maji. Lilipokaribia kumalizika, udongo ulisogea mahali minyororo ilipofungwa chini ya ardhi, na bomba la maji lililopasuka karibu likaongeza shida. Mainjinia waliona kwamba inawezekana kutengeneza. Baraza la mji, ambalo halikulipenda daraja hilo tangu mwanzo, lilikataa, na likabomolewa. Wapinzani walicheka: mtu wa hesabu nyingi ameshindwa na udongo.

Kicheko hicho kilikuwa na ukweli kidogo. Minyororo yenyewe haikukatika. Kilichosogea ni kitu ambacho hesabu za wakati ule zilikuwa hazijakifikia vizuri. Lakini kubomoa daraja linaloweza kutengenezwa ni uamuzi wa siasa, na Navier ndiye aliyebeba jina baya.

Aliendelea kufundisha. Alikuwa ameingia Akademia ya Sayansi mwaka wa 1824, na mwaka wa 1831 alichukua nafasi ya Cauchy, mwanahesabu mkubwa, katika École Polytechnique. Kanuni zake juu ya mwendo wa maji, za mwaka wa 1822, zinatumika hadi leo katika kuhesabu upepo na mito. Alikufa Paris tarehe 21 mwezi wa nane 1836, akiwa na miaka 51.

Aliacha deni moja juu ya boriti: nguvu ya kukata. Chukua boriti ya mita 4 yenye mzigo wa kilo 1,000 kwa kila mita. Kupinda ni kwingi katikati. Nguvu ya kukata katikati ni sifuri, lakini karibu na kila ukuta inafika kilo 2,000. Na haikati kutoka juu kwenda chini tu. Panga mbao mbili moja juu ya nyingine bila misumari, uziwekee mzigo: zinateleza, kila moja inapinda peke yake. Zishikamanishe kabisa, na nguvu inakuwa mara mbili. Kuteleza huko ndiko kunakopasua mbao kwa urefu.

Aliyetoa hesabu hiyo ni Mrusi Dmitri Zhuravsky. Alisoma Saint Petersburg, katika shule ambamo Wafaransa Lamé na Clapeyron walikuwa wamefundisha miaka ya 1820. Kuanzia mwaka wa 1844 alishughulika na madaraja ya mbao ya reli ya kwenda Moscow, na aliona mbao zinapasuka kwa urefu. Alionyesha kwamba katika boriti ya mstatili nguvu ya kukata ni kubwa zaidi katikati ya kimo, mara moja na nusu ya wastani, palepale ambapo nyuzi za Navier hazivutwi wala kubanwa. Kazi yake ilichapishwa kwa Kifaransa mwaka wa 1856, katika jarida la mainjinia wa madaraja na barabara, wenzake Navier.

Mwaka wa 1864 mwanafunzi wa Navier, Saint-Venant, alitoa upya kitabu cha masomo cha mwalimu wake. Aliongeza maelezo mengi kiasi kwamba maneno ya Navier mwenyewe yalibaki sehemu ndogo tu ya kurasa. Fundi anayeweka leo vyuma vinene chini ya boriti katikati, na kusogeza pete za chuma, zile etriye, karibukaribu kuelekea nguzo, anafuata hesabu ya hao watatu.