Rodin na Shule Ndogo

Ndugu wanafunzi, kati yetu kuko wale wanaojaza daftari ya matematika na picha za viti, magari na mitindo ya nguo. Hao wanauliza: kisha diploma, niende shule gani? Juu yao ninaeleza maisha ya Auguste Rodin, mufundi wa sanamu wa Ufaransa, yule aliyefanya sanamu ya mutu anayeketi na kidevu juu ya mukono, akiwaza.

Alizaliwa Paris tarehe 12 Novemba 1840. Baba yake alikuwa karani wa polisi, feza hazikuwa mingi. Mutoto hakuona mbali, na katika masomo alibakia nyuma. Kitu alichopenda ni kuchora.

Katika Paris kulikuwa Ecole des Beaux-Arts, shule yenye jina kubwa. Aliyetoka pale alipata kwa urahisi kazi za serikali. Kulikuwa tena ingine, watu waliiita Petite Ecole, ni kusema Shule Ndogo. Ilikuwa ya bure. Ilifundisha vijana kuchora mapambo ya nyumba, ya vyombo, ya vitambaa, ya vitu vya zahabu, wapate kazi ya mikono. Rodin akaingia hiyo ndogo mwaka 1854, akiwa na miaka 14.

Mwalimu mumoja pale, Lecoq de Boisbaudran, alikuwa na njia yake. Mwanafunzi anaangalia kitu vizuri, kisha anakichora bila kukiona tena, kwa kukumbuka tu. Jaribuni na kikombe cha nyumbani, mutaona mateso! Kisha Rodin akashika udongo, na toka siku ile akajua kazi yake ni gani.

Lakini jina la shule kubwa lilimuvuta. Akafanya mutihani wa kuingia mara tatu. Katika kuchora alipita, katika kufinyanga akaanguka, mara zote tatu. Wakubwa wa pale walipenda sanamu za namna ya Wagiriki wa zamani, na yeye mikono yake ilizoea namna ya karne ya 18, iliyofundishwa katika Shule Ndogo. Mara ya ine hakujaribu.

Sasa atakula nini? Alikula yale aliyojifunza. Alifanya mapambo ya majumba kwa mapatroni. Mwaka 1862 dada yake Maria akafa, na kwa huzuni Rodin akaingia kati ya watawa. Padri Eymard, mukubwa wao, akaona kipawa chake, akamushauri arudie kazi yake. Sisi ni Waprotestanti, lakini kwa shauri hilo tunamushukuru padri.

Mwaka 1871 akaenda Brussels. Waliofika kule wamepita labda mbele ya jengo la Bourse bila kujua kwamba Rodin alitumika katika mapambo yake. Karibu miaka 20 alitumika hivi, kazi ni yake, jina ni la patroni. Sisemi ilikuwa tamu.

Mwaka 1877 akaonyesha sanamu yake ya kijana uchi, yenye kuitwa Wakati wa Shaba. Ilifanana na mutu kabisa, hata wakamushitaki kwamba alibandika plasta juu ya mwili wa mutu muzima. Kumbe ni jicho lake tu! Ilimupasa kuleta picha za askari Mubelgiji aliyesimama mbele yake, wafundi wengine wakamushuhudia. Mwaka 1880 serikali ikainunua, na ikamuagiza mulango wa jumba jipya la sanaa za mapambo, ni kusema kazi zile za Shule Ndogo. Jumba halikujengwa pale. Mulango ulimushika miaka mingi, na yule Mutu Anayewaza alifanywa kwanza kwa kukaa juu yake. Siku zile Rodin alikuwa akipamba vyombo katika kiwanda cha Sèvres, na miaka yake karibu 40.

Alikufa Meudon tarehe 17 Novemba 1917. Mutu Anayewaza anaketi juu ya kaburi lake. Shule Ndogo nayo ingali inafundisha Paris, lakini hawaiiti tena ndogo. Leo inaitwa Arts Décoratifs, na mutihani wake wa kuingia ni mugumu.