Msiba wa mlimani ulimtoa Hopkinson uwakilini, akaishia kupima kishindo cha chuma

Fundi wa Makambako anayenyoosha rimu ya lori lililotoka Tunduma anajua mambo mawili bila kufundishwa darasani: chuma kilichopigwa ghafla hakifanyi kama kilichosukumwa taratibu, na kikishapata moto ni habari nyingine kabisa.

Aliyepata njia ya kupima kishindo hicho ni Bertram Hopkinson, Mwingereza aliyezaliwa 1874. Cha ajabu, alikuwa wakili.

Baba yake, John Hopkinson, alikuwa mhandisi mkubwa wa umeme. Agosti 27, 1898 mzee huyo alipanda mlima Uswisi na watoto wake watatu, Jack, Alice na Lina. Wote wanne wakaanguka na kufa. Siku moja tu, nusu ya watoto wa nyumba ile wameondoka na baba yao.

Bertram, miaka 24, akaachana na sheria na kuingia kwenye uhandisi, kazi ya marehemu. Mwaka 1903, akiwa hajafika hata 30, akawa profesa Cambridge. Mwaka huohuo akaoa, na yeye na mkewe Mariana wakajaliwa mabinti 7.

Kuna kazi ya baba aliyoirudia mwenyewe. Mwaka 1872 John alining'iniza waya na kuangushia uzito juu yake. Akaona kinachoukata waya ni kasi ya uzito unapotua kuliko ukubwa wake. Tena mara nyingine waya ulikatika juu kabisa, mbali na ulipopigwa! Mwanawe alirudia mwaka 1905 akagundua kwamba kwa muda mfupi sana, kama sehemu ya elfu ya sekunde, waya huhimili nguvu ambayo ingeuharibu kama ingewekwa polepole.

Mwaka 1914 akatoa kifaa chake: fimbo ndefu ya chuma iliyoning'inizwa, mwishoni imeshikizwa kipande kifupi. Risasi ikigonga upande mmoja, wimbi linapita ndani ya fimbo na kile kipande kinaruka. Ukipima kilivyoruka, unajua kishindo kilikuwa na nguvu gani na kilidumu muda gani.

Mwaka 1949 Herbert Kolsky alitumia fimbo mbili, sampuli ikabanwa katikati. Kwa mtindo huo ndiyo maabara leo zinapima aloi za magnesiamu, madini mepesi kuliko alumini yanayotafutwa kwa magari na ndege. Ikiwa baridi, magnesiamu haina njia nyingi za kujikunja, hivyo ikipigwa kwa kasi inapasuka mapema. Ikipashwa moto kupita nyuzi 200 hivi, njia nyingine zinafunguka ndani yake na inakubali kukunjwa. Mfua chuma yeyote wa Njombe angesema si alijua hilo siku zote. Lakini mhandisi anahitaji namba.

Hopkinson hakuona hayo. Vita Kuu ilipoanza aliingia kwenye utafiti wa silaha na ndege, na hakutaka kukaa ofisini: akajifunza urubani.

Agosti 26, 1918 aliruka peke yake kutoka Martlesham Heath kwenda London, hali ya hewa mbaya. Ndege ikaanguka, akafa akiwa na miaka 44. Ilibaki siku moja tu itimie miaka 20 tangu baba na ndugu zake waanguke mlimani.