Seraphino Antao: Mpwani aliyeipa Kenya dhahabu kabla ya uhuru

Kama unaishi Homa Bay au Migori na miguu yako ina kasi, bila shaka umeshaambiwa kwamba riadha ni ya watu wa Bonde la Ufa. Wewe mtoto wa ziwani, tafuta mpira ucheze. Na ukisema unakimbia mita 100, wanakucheka kabisa, eti Mkenya na mbio fupi ni wapi na wapi?

Basi ukisikia hayo tena, wataje jina moja: Seraphino Antao. Wengi hawatalijua, na hapo ndipo utaanza kuwapa stori.

Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937. Jamii yake ilikuwa ya Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa, sehemu ya pwani ya India iliyotawaliwa na Wareno hadi mwaka wa 1961. Ukipita Kendu Bay utaona majengo ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi. Wagoa nao walikuja Afrika Mashariki miaka hiyo hiyo ya ukoloni, ila wengi wao walijulikana kwa kazi za ofisini, ukarani na ushonaji kuliko maduka. Kwa hivyo Antao hakutoka milimani, wala hakukua akikimbia kilomita kumi kwenda shule kama zile hadithi tulizozoea. Alikulia baharini, kwenye joto na unyevu wa Mombasa.

Mwaka wa 1958, akiwa na miaka 20, aliichezea Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff. Hakurudi na dhahabu. Mwaka wa 1960 akaenda Olimpiki ya Rome, akakimbia na wakali wa dunia, na hakufika fainali. Wengi wangeishia hapo, warudi nyumbani wakasimulie tu kwamba nao walifika Ulaya. Yeye alirudi mazoezini.

Mwaka wa 1962 mambo yakageuka. Kwanza alienda London kwenye mashindano ya ubingwa wa Uingereza. Wakati huo mashindano hayo yalikuwa wazi kwa wageni na yalikuwa na heshima kubwa. Antao akashinda yadi 100, kisha akashinda na yadi 220. Waingereza ndio waliokuwa wakiitawala Kenya, na huyu kijana wa koloni lao akawapiga kwao, mbele ya mashabiki wao.

Novemba mwaka huo huo ikaja Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth, Australia. Joto lilikuwa si mchezo, kwani siku ya ufunguzi lilipita nyuzi 40. Njia za kukimbilia nazo hazikuwa za raba kama unazoziona leo kwenye runinga. Zilikuwa za majivu ya makaa yaliyoshindiliwa, na mkimbiaji alimaliza mbio miguu ikiwa na vumbi. Katika yadi 100, ambazo ni kama mita 91 na nusu, Antao alitumia sekunde 9.5. Mshindi wa pili alikuwa Tom Robinson wa Bahamas. Kisha ikaja yadi 220, na Antao akamaliza wa kwanza tena, kwa sekunde 21.1.

Hizo ndizo dhahabu za kwanza kabisa za Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Isome tena hiyo. Kabla ya Kipchoge Keino kutamba, na kabla ya dunia kujua Iten iko wapi, dhahabu yetu ya kwanza ililetwa na mkimbiaji wa mbio fupi kutoka Mombasa, mtu wa asili ya Goa, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya uhuru.

Uhuru ulipofika Desemba 1963, Kenya ilijiandaa kwenda Olimpiki ya Tokyo ya 1964 kama taifa huru kwa mara ya kwanza. Bendera mpya ilihitaji mtu wa kuibeba siku ya ufunguzi, na aliyepewa kazi hiyo ni Antao. Hebu fikiria uzito wake. Watu wa kila jamii walikuwa bado wanajiuliza nani ni Mkenya na nani si Mkenya, na mbele ya dunia nzima bendera ilikuwa mikononi mwa Mgoa wa Mombasa.

Mbio zenyewe za Tokyo hazikumwendea vizuri, hakufika fainali. Medali ya kwanza ya Kenya ya Olimpiki ilichukuliwa na Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800. Macho ya nchi yakaanza kuhamia mbio ndefu. Antao akaachana na riadha, akahamia London na kuishi huko hadi alipofariki tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na miaka 73.

Baada ya Perth, ilichukua muda gani Mkenya mwingine kushinda mbio fupi kuliko zote za Madola? Miaka 60. Ferdinand Omanyala alitwaa dhahabu ya mita 100 mjini Birmingham mwaka wa 2022, kwa sekunde 10.02. Katikati hapo vizazi vizima vya vijana wenye kasi viliambiwa wanapoteza wakati.

Na kasi haikuwa mbali na kwenu. Majirani zenu wa Kisii, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, pamoja na Julius Sang wa Nandi, walishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 kupokezana vijiti mjini Munich mwaka wa 1972. Kutoka Migori hadi Kisii ni safari ya matatu tu.

Sasa fanya hivi. Nenda uwanja wa shule ulio karibu nawe, pima mita 91 na nusu, mpe rafiki yako simu awashe saa. Kimbia kwa nguvu zako zote, kisha linganisha na 9.5. Pengine utaachwa mbali sana, na hiyo si aibu. Lakini ukiona pengo si kubwa, usiende nyumbani kimya. Mtafute mwalimu wa michezo kesho yake asubuhi. Antao alikuwa na miaka minne ya kujaribu kati ya Cardiff na Perth. Wewe hata hujaanza kuhesabu ya kwako.