Edward Tingatinga: Alichora miaka minne tu, marafiki wakalibeba jina lake

Pita maduka ya sanaa Dar es Salaam, Arusha au Mji Mkongwe Zanzibar, utaziona tu. Twiga mwenye shingo ya kupinda, chui wa madoa, kanga wa rangi kali zinazong'aa. Zinaitwa tingatinga, na wengi wanadhani hilo ni jina la mtindo tu, kama lilivyo jina la ile mashine ya kusukuma udongo.

Kumbe Tingatinga alikuwa mtu. Alichora kwa miaka kama minne, akafa kwa risasi akiwa na miaka 40.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, kwenye familia ya wakulima. Jina lake peke yake lilibeba pande mbili: Edward la Kikristo, Saidi la Kiislamu. Shule hakuisoma sana, na chuo cha sanaa hakuwahi kukanyaga.

Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, aliondoka kwao kutafuta kazi. Alianzia Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alipata kazi ya nyumbani kwa ofisa mmoja Mwingereza. Baada ya Uhuru mwaka 1961 bosi wake aliondoka, na Edward akabaki kuhangaika na vibarua vya mjini. Alipenda pia ngoma na muziki.

Hadibodi na rangi za baiskeli

Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora. Inaelezwa kuwa aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, akajiuliza kwa nini naye asijaribu.

Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, basi akatumia alivyovipata. Alichukua hadibodi, zile zinazopigwa kwenye dari, akazikata vipande vya mraba. Rangi alinunua zile za mafuta za kupakia baiskeli. Mng'ao ule unaovuta macho mpaka leo ulitokana na rangi hizo za bei nafuu.

Alichora kwa jicho lake. Hakujali vivuli wala kuonyesha kilicho mbali na kilicho karibu, mambo yanayofundishwa darasani. Alipaka rangi moja nyuma, kisha akamweka mnyama mmoja mkubwa akijaza ubao mzima. Simba wake alikuwa simba wa hadithi za kijijini, si wa kwenye kamera ya mtalii.

Maonyesho yake hayakuwa na ukumbi wala kadi za mwaliko. Picha zilitundikwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa waliokuwa wakiishi wazungu wengi. Mke wake, Agatha, ndiye aliyesaidia kuziuza. Wanunuzi wakubwa walikuwa wageni, na wapo wasomi wa sanaa walioziona kuwa vitu vya watalii tu.

Hata biashara ilipoanza kwenda, hakujiamini kwamba brashi ingemlisha. Alikuwa na ajira katika hospitali ya Muhimbili, na kuchora alikufanya baada ya kazi.

Siri aliyoigawa

Picha zilipotakiwa kwa wingi, angeweza kuificha kazi yake ili asipate wapinzani. Yeye akafanya kinyume. Aliwaita ndugu na marafiki, wakakaa pamoja na kujifunza kwa kutazama mkono wake. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Omari Amonde.

Uamuzi huo ndio uliookoa sanaa yake. Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, polisi walimpiga risasi wakimdhania ni mhalifu anayetoroka. Halikuwa kosa la kurekebishika. Aliacha mjane, watoto na sanaa ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inasimama.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini wale jamaa waliendelea kuchora palepale Oysterbay, wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine tena. Mpata aliipeleka Kenya. Mwaka 1990 wachoraji waliandikisha ushirika wao, na picha zikazidi kusafiri, mpaka Ulaya na Japani.

Jina la watu wote

Ukarimu huo ulikuwa na gharama yake. Jina la Edward limegeuka kuwa la kila mtu. Picha alizochora mwenyewe ni chache, zimetawanyika nje ya nchi, na zipo za kughushi zenye sahihi yake. Mtu anaweza kutundika tingatinga sebuleni miaka 20 bila kujua kwamba anataja jina la ukoo wa baba mmoja wa Tunduru.

Wanafunzi wake nao hawakubaki kunakili. Wapo waliochora mashetani, wapo waliochora hospitali, masoko na harusi, kila mmoja kwa alivyoyaona maisha.

Leo ukinunua picha ya aina hii, tazama pembeni, chini. Utakuta jina la aliyeichora. Kisha muulize muuzaji ni picha gani hiyo. Atakutajia jina la Edward.